Usilaumu Birika, Uliza Mwamba

Ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la umeme katika nyumba nyingi za mashariki mwa Unguja ni tumbawe lililorudi kuwa jiwe. Viumbe vya baharini vililijenga zamani sana kwa kaboneti ya kalsiamu, mvua ikaliyeyusha, pampu ikalivuta pamoja na maji hadi bombani, na joto la birika likaligandisha upya. Ni mawe ya aina hiyo hiyo yaliyojenga Mji Mkongwe, na ndiyo yanayochomwa kwenye matanuri kupata chokaa. Hata hivyo koili ikiungua, mwenye nyumba hulaumu duka, fundi husema kifaa ni feki, na muuzaji hutoa kingine cha bei kubwa zaidi ambacho nacho kitaota ukoko ule ule. Lawama hiyo inapelekwa kusiko. Umri wa vyombo vinavyopasha maji nyumbani huamuliwa na mwamba ambao maji yalipitia, mara nyingi kuliko unavyoamuliwa na nembo iliyobandikwa ubavuni mwa kifaa. Na kwa kuwa miamba ya Afrika Mashariki inatofautiana mno, dawa inayofaa Unguja yaweza kuwa upotevu wa fedha Arusha. Ndiyo sababu anayeuza maji anapaswa kumwambia mnunuzi ni maji ya aina gani anayomuuzia, na jambo hilo halitekelezwi inavyostahili.

Mvua inapoanguka haina madini ya kutajika. Ikipita hewani, na hasa ikizama kwenye udongo ambamo mizizi na vijidudu vinapumua, hubeba hewa ya ukaa na kuwa asidi dhaifu sana. Asidi hiyo haiunguzi hata ulimi, lakini ikikaa na mawe ya chokaa kwa miaka huyala. Mapango ya Amboni kule Tanga na yale mengi ya Unguja ni kazi ya asidi hiyo. Kilicholiwa husafiri ndani ya maji kikiwa bikaboneti ya kalsiamu, hakionekani wala hakinusiki. Maji yakipashwa moto, hewa ya ukaa hutoka, bikaboneti huvunjika na chokaa hujitenga, nayo hupenda kushika pale penye joto kali zaidi, yaani juu ya koili yenyewe. Huo ndio ugumu wa maji unaoitwa wa muda, ambao kuchemsha huuondoa. Upo na ugumu wa kudumu, ambamo kalsiamu na magnesiamu zimeandamana na salfeti au kloraidi, na huo hata uchemshe siku nzima haubanduki. Tofauti hii hufundishwa sekondari, hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha husahaulika miaka michache kabla ya mtu kuanza kununua birika lake mwenyewe.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kaboneti ya kalsiamu katika lita moja. Mgawanyo unaotumika sana huyaita maji laini yakiwa chini ya 60, ya wastani hadi 120, magumu hadi 180, na zaidi ya hapo magumu sana. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa huruhusu 300 kwa maji yaliyosafishwa na 600 kwa maji ya asili, kwa hiyo maji yaweza kuwa halali kabisa na bado yakawa adui wa hita. Tufanye hesabu. Familia inayochemsha lita 10 kwa siku za maji yenye ugumu wa 250 hupitisha birikani gramu 2.5 za chokaa kila siku, ambazo kwa mwaka ni zaidi ya gramu 900. Sehemu kubwa huondoka na chai, lakini ikibaki robo tu, hizo ni zaidi ya gramu 200 za jiwe zilizong'ang'ania chombo kimoja. Familia hiyo hiyo ikihamia penye maji yenye ugumu wa 30, mzigo mzima wa mwaka haufiki gramu 110, na kitakachobaki hakitamsumbua mtu.

Hapa inafaa kuwaonya wasomaji juu ya madai ya matangazo, kwamba ukoko huongeza sana bili ya umeme. Kwa chombo ambacho koili yake imezama ndani ya maji, dai hilo lina chumvi nyingi. Joto lote linalotoka kwenye koili halina pengine pa kwenda isipokuwa kwenye maji; litachelewa kidogo, lakini litafika. Hasara iko kwenye uhai wa koili. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko gamba la chokaa, hivyo koili iliyofunikwa hulazimika kuwa na moto mkali zaidi ili kusukuma joto lile lile nje, hadi chuma chake kinachoka na kukatika. Habari ni tofauti kwa sufuria iliyo juu ya mkaa, kuni au gesi, maana hapo joto lililozuiwa na gamba hupita pembeni na kupotelea hewani. Kwa mashine ya kufulia, pasi ya mvuke na hita ya kuogea, tatizo jingine ni vijitundu na mirija myembamba inayozibika kabla koili haijafikia hatua ya kuungua.

Kosa la kawaida la anayeanza kulifikiria jambo hili ni kutazama mwamba ulio chini ya nyumba yake. Mwamba unaohusika ni ule wa mahali maji yalikotoka. Tanga imekaa jirani kabisa na mawe ya chokaa ya Amboni, lakini bomba za mji hutegemea bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ambao maji yake hushuka kutoka Usambara Mashariki, kwenye miamba mikongwe isiyo na chokaa ya kutisha. Dar es Salaam vivyo hivyo: maji ya Ruvu, ambayo kwa sehemu kubwa chimbuko lake ni milima ya Uluguru, ni jamaa wa mbali sana na maji ya kisima kilichochimbwa uani huko huko mjini, ambacho huchota kwenye mchanga wa pwani na pengine kimeshaanza kuvuta bahari. Nyumba mbili zinazotenganishwa na ukuta mmoja, moja ikitumia bomba la mamlaka na nyingine kisima, zaweza kununua hita za duka moja siku moja, na mwaka unaofuata zikawa na hadithi mbili zisizofanana hata chembe.

Mombasa ndiyo mfano ulio tajiri kuliko yote. Kisiwa chenyewe ni tumbawe, na visima vyake vya kale vilijulikana kwa maji ya chumvichumvi. Lakini mji unakunywa kutoka mbali. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu huzama katika lava changa na kuibuka kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kisha husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950. Visima vya Baricho huchota kwenye mchanga wa mto Sabaki, vya Tiwi kwenye tabaka za pwani ya kusini, na chemchemi za Marere hutoka Shimba Hills penye mawe ya mchanga. Huo ni mji mmoja wenye maji manne yenye nasaba tofauti, na hapo hatujayahesabu yale ya mkokoteni ambayo mnunuzi hajui yalijazwa wapi. Kumwambia mkazi wa Mombasa kwamba "maji ya Pwani ni magumu" hakumsaidii kitu mpaka ajue ni bomba la wapi linalofika mtaani kwake, na kama zamu ya mgao ikibadilika maji nayo yanabadilika.

Mtu aliyesoma jiografia anaweza kupinga hapa. Itale, yaani ule mwamba mgumu wa mawe makubwa tunayoyaona Dodoma, Singida na Mwanza, huyeyuka polepole mno na kwa kawaida hutoa maji laini. Inakuwaje basi Dodoma ijulikane kwa maji yenye chumvi na ugumu? Jibu ni kwamba mwamba haufanyi kazi peke yake. Unahitaji muda, na unashirikiana na jua. Kule Uluguru na Usambara mvua ni nyingi, maji hushuka mbio na hayapati nafasi ya kuzungumza na jiwe. Dodoma hupata mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, nayo ikiisha jua hunyonya maji na kuacha chumvi zake udongoni, mwaka baada ya mwaka, hadi mahali pengine hujijenga tabaka jeupe la chokaa chini ya udongo. Bonde la Makutupora, ambako visima vya Mzakwe vimeunywesha mji tangu miaka ya 1950, halijazwi kila masika. Uchunguzi wa vipimo vyake vya miaka mingi umeonyesha kwamba hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama zile za El Niño. Maji yanayokaa chini namna hiyo, yakisubiri kwenye nyufa za mwamba, yana muda wote wa kuchukua kilichopo. Kwa hiyo Dodoma haipingi hoja ya mwamba, inaikamilisha.

Maziwa makuu nayo yana somo lake. Ziwa Victoria hupata takriban sehemu nne kati ya tano za maji yake kutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, ndiyo maana maji yake ni laini kabisa. Mwanza, Kisumu na Entebbe birika hudumu likiwa safi. Ziwa Tanganyika limepata malezi mengine. Mto Ruzizi huliletea chumvi kutoka Ziwa Kivu lililozungukwa na volkano, mlango wake wa kutokea, mto Lukuga, ni mdogo kulinganisha na ukubwa wa ziwa, na maji mengi huondoka kwa kupaa tu yakiacha madini nyuma. Matokeo yake ni maji magumu, ambayo ugumu wake unatokana zaidi na magnesiamu kuliko kalsiamu. Wanaohama kutoka Mwanza kwenda Kigoma, au kutoka Kampala kwenda Bujumbura, hukutana na mabadiliko hayo kwenye sabuni kabla hawajayaona kwenye birika.

Arusha ndiko hoja yangu inakopata mtihani mkali zaidi, kwa sababu huko birika safi laweza kudanganya. Mlima Meru ulijengwa kwa lava na majivu yenye sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Maji yanayotiririka humo hayana kalsiamu ya kutosha kuacha gamba, sabuni hutoa povu bila shida, na mgeni huyasifu. Lakini floraidi na kalsiamu hazikai pamoja kwa wingi ndani ya maji. Zikikutana hushikana na kuzama kama jiwe. Pale kalsiamu inapokosekana ndipo floraidi hupata uhuru wa kupanda, na mwaka baada ya mwaka huacha alama za kahawia kwenye meno ya watoto, na ikizidi sana hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuvumilia hadi 4 kwa kukosa vyanzo mbadala. Visima virefu vingi vya Nairobi vina tabia ya ukoo huo huo wa volkano, wakati maji ya bwawa la Ndakaini yanayoshuka kutoka Aberdare ni laini na hayana tatizo hilo. Katika majumba ya ghorofa ambako mwenye nyumba huchanganya maji ya kaunti na ya kisima ndani ya tangi moja, mpangaji hana njia ya kujua leo anakunywa yapi.

Sasa tazama dawa zinazouzwa. Siki na ndimu hula chokaa vizuri, kwa hiyo kwa birika la Unguja ni dawa ya bei poa isiyo na mpinzani. Kwenye maji ya volkano, gamba dogo linalopatikana mara nyingi lina silika ndani yake, jamaa wa kioo, na siki haiigusi. Mashine ya kulainisha maji hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu. Ni nzuri kwa hoteli ya Paje au Diani, ila haiondoi floraidi wala haiondoi chumvi, na mtu wa Arusha akiinunua atakuwa amelipia kazi ambayo mlima ulishaifanya bure. Kuchemsha, ambako hupunguza ugumu wa muda, huifanya floraidi izidi kidogo kwa sababu maji hupungua nayo hubaki. Wanaohitaji kuipunguza hutumia mkaa wa mifupa, mbinu iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto. Halafu kuna zile shawa za umeme zinazouzwa kwa jina la "ya maji ya chumvi". Watu wengi huzinunua wakitarajia zitazuia ukoko. Kazi yake ni nyingine: koili yake imefunikwa, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme na koili iliyo uchi ndani yake yaweza kumpiga mtu shoti. Ni kifaa cha usalama, tena muhimu, lakini chokaa hukishika kama inavyokishika kingine.

Kile kikalamu cha kupimia maji ambacho wachuuzi wa machujio hutembea nacho, nacho hakipimi ugumu. Hupima jumla ya vilivyoyeyuka, bila kubagua kalsiamu na chumvi ya mezani. Maji ya Arusha yenye sodiamu nyingi yaweza kutoa namba kubwa na yasiache gamba lolote. Na yule muuzaji anayetumbukiza vyuma viwili vya umeme kwenye glasi hadi maji yageuke tope la kahawia anamwonyesha mteja kutu ya vyuma vyake mwenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote ni la haki. Katika nchi ambazo familia nyingi bado hazina bomba, kuandika juu ya hita na mashine za kufulia si kuwahangaikia walioshiba? Ningekubali kama ugumu wa maji ungeishia kwenye koili. Lakini kemia yake inaanzia kwenye mche wa sabuni. Kalsiamu hunasa sabuni na kuifanya uji mweupe usiosafisha kitu, na povu halisimami mpaka kalsiamu yote ishibe. Kwa maji yenye ugumu wa 300, ndoo ya lita 20 inaweza kumeza zaidi ya gramu 35 za sabuni kwanza. Kwa maji ya ugumu wa 60 haizidi gramu 8. Anayefua kwa mashine hutumia sabuni ya unga iliyowekewa kemikali za kukabiliana na hali hiyo. Anayefua kwa mkono, kwa mche, kwenye beseni, ndiye anayelipa kodi ya mwamba kila Jumamosi, na ndiye anayechemsha juu ya mkaa katika sufuria yenye gamba. Mkazi wa nyumba ya kupanga asiye na hita anaguswa na jambo hili kuliko mwenye hoteli, kwa sababu mwenye hoteli alishaajiri mtaalamu.

Wengine watasema maji magumu hayadhuru, kwa nini kuwatia watu hofu? Ni kweli, na lisemwe wazi: Shirika la Afya Duniani halijaweka ukomo wowote wa ugumu kwa sababu za afya, na kalsiamu iliyomo ina faida yake mwilini. Wala sidai mamlaka zilainishe maji yote mitamboni. Kufanya hivyo ni ghali, huzalisha tope la kutupa, na maji yakiwa laini kupita kiasi huanza kula mabomba ya chuma. Ninachodai ni taarifa. Ankara ya maji inaeleza uniti, bei na deni la mwezi uliopita kwa ukamilifu unaovutia, ila ni nadra kueleza ni maji ya chanzo gani na yana ugumu kiasi gani, ingawa ugumu ni miongoni mwa vipimo ambavyo viwango vinataka vijulikane. Ujerumani sheria inawalazimu watoa maji kuwajulisha wateja, angalau mara moja kwa mwaka, kama maji yao ni laini, ya wastani au magumu, na pakiti za sabuni zinaeleza kipimo cha kila daraja. Maneno matatu yanatosha. Anayesema vyanzo vyetu huchanganywa na namba hubadilika ametoa sababu ya kuandika namba mbili, ya kiangazi na ya masika. Kwa maeneo ya volkano iongezwe na floraidi, ili aliyeridhika na birika lake safi asije akaacha kuuliza swali linalohusu meno ya mwanawe.

Haraka ya jambo hili itaonekana Dodoma. Serikali imetangaza mpango wa kupeleka huko maji ya Ziwa Victoria, kama yalivyokwishafika Shinyanga na Tabora, na pia lipo bwawa linalopangwa Farkwa. Siku maji laini ya ziwa yatakapoingia kwenye mabomba yaliyozoea maji magumu ya Mzakwe kwa miongo mingi, gamba la zamani linaweza kulegea na kumeguka, bomba zikatoa maji yenye uchafu kwa muda, na vichujio vya hita vikaziba ghafla. Mafundi watahitaji kuyajua hayo mapema, wenye maduka watahitaji kujua ni aina gani ya vifaa waagize, na familia zitahitaji kuambiwa zipunguze sabuni. Kwa muda fulani mitaa mingine itapata maji ya ziwa huku mingine ikibaki na ya kisima, na mahali pepesi kuliko pote pa kuandika tofauti hiyo ni kwenye ankara.